Keki Haianguki kwa Sababu ya Mkono: Historia Fupi ya Kusimamisha Keki, Ikisomwa kutoka Arusha

Ukikaa Arusha muda wa kutosha utaisikia hukumu hii. Inatolewa kwenye vikao vya harusi, saluni, hata kwenye foleni ya daladala: "Yule dada hana mkono wa keki." Maana yake ni kwamba keki yake ilibonyea katikati, au ghorofa ya juu ilizama ndani ya ile ya chini, au ile keki ya umbo la gari iliinama upande hata kabla MC hajawaita maharusi waje kukata. Na hukumu hiyo haina rufaa. Kwa mama anayeoka nyumbani ili alipe ada ya watoto, keki moja ikianguka ukumbini mbele ya watu mia tatu, oda za Desemba zinaweza kwenda kwa mwingine.

Lakini je, ni kweli tatizo ni mkono? Makala hii inasema hapana. Keki inayosimama ni matokeo ya mambo matatu: hewa iliyo ndani yake, uzito wake yenyewe, na namna tabaka zake zinavyoshikana. Kila moja lina historia yake, na historia hizo zina jambo la kutuambia sisi tunaoishi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima ambao nao uliwahi kuanguka.

Keki ya malkia ilikuwa pana kuliko ilivyokuwa ndefu

Tuanze mbali kidogo. Februari 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Prince Albert. Keki yao ilikuwa na uzito wa takriban ratili 300, yaani kama kilo 136, na mzingo wa karibu mita 2.7. Unaweza kudhani ilikuwa mnara. Wala! Ilikuwa na unene wa inchi 14 tu, kama sentimita 36. Urefu wote wa kuvutia macho ulitokana na mapambo na sanamu za sukari zilizowekwa juu yake. Keki yenyewe ilikuwa kama jiwe la kusagia: pana, nzito, imetulia.

Mwaka 1858 binti yake, naye aliitwa Victoria, alipoolewa, keki ilipanda juu kwa ghorofa. Ila kulikuwa na ujanja: sehemu ya chini tu ndiyo ilikuwa keki, zile za juu zilikuwa sukari iliyofinyangwa. Ilibidi ifike 1882, kwenye harusi ya Prince Leopold, ndipo ghorofa zote zikawa keki ya kulika. Kwa hiyo familia yenye wapishi na fedha kuliko karibu wote duniani ilichukua zaidi ya miaka 40 kutoka keki iliyolala hadi keki iliyosimama kweli. Halafu sisi tunamtaka dada wa Sakina aipatie kwenye oda yake ya pili.

Aliyeifuatilia historia hii kwa kina ni mwanaanthropolojia Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu keki za harusi. Kinachofurahisha ni kwamba huyohuyo Charsley, mwaka 1969, alikuwa amechapisha kitabu kuhusu watawala wa Wanyakyusa, kule Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Yaani mtu aliyeanza kwa kusoma jamii za kwetu alikuja kugeuza macho yaleyale na kuangalia keki za Waingereza kama mila inayohitaji kuelezwa. Nadhani ni haki na sisi tuiangalie keki hivyohivyo, kwa uzito.

Keki hizo za kale zilibebwa na vitu viwili. Kwanza, zilikuwa keki za matunda: nzito, zimeshikana, zina mafuta na zabibu nyingi. Pili, zilivikwa aisingi ya ute wa yai na sukari, ambayo ikikauka inakuwa gamba gumu kama lipu. Gamba hilo lilisaidia kubeba mzigo, na baadaye nguzo ndogo zikawekwa kati ya ghorofa. Leo wateja wengi wanataka sponji laini yenye krimu. Wanataka ulaini wa sponji na urefu wa keki ya matunda kwa pamoja. Hapo ndipo fizikia inapoanza kudai deni lake.

Galileo na keki ya twiga

Mwaka 1638 Galileo, akiwa mzee na amefungiwa nyumbani kwa amri ya Kanisa, alichapisha kitabu cha mwisho cha maisha yake huko Leiden, Uholanzi. Ndani yake aliuliza swali linaloonekana la kitoto: kwa nini mnyama mkubwa hawezi kuwa na umbo lilelile la mnyama mdogo, ila kubwa tu? Jibu lake ni kwamba ukiongeza ukubwa wa kitu, uzito unakua haraka kuliko nguvu ya kuubeba.

Hebu tulilete jibu hilo jikoni. Arusha ni mji wa safari, kwa hiyo tuseme mteja ameomba keki ya twiga. Umewahi kuchonga twiga wa sentimita 20 na akasimama vizuri kwa miguu yake ya keki. Sasa mteja anataka wa sentimita 40, umbo lilelile. Urefu umezidishwa mara 2. Upana umezidishwa mara 2. Unene nao mara 2. Uzito kwa hiyo ni mara 8. Lakini nguvu ya mguu inategemea eneo la mkato wake, yaani upana kwa unene, na hilo limeongezeka mara 4 tu. Kila sentimita ya mraba ya mguu sasa inabeba mzigo mara mbili ya ule wa mwanzo. Unga ni uleule, mayai yaleyale, mkono uleule. Twiga anakaa chini.

Ndiyo maana waokaji wazoefu hawaiachii keki ijibebe. Wanaipa mifupa. Kwenye keki ya ghorofa, kila ghorofa inakaa juu ya bodi yake, na bodi hiyo haikai juu ya sponji, inakaa juu ya vijiti au mirija migumu iliyochomekwa ndani ya ghorofa ya chini. Uzito unashuka kwenye bodi, unapita kwenye vijiti, unafika kwenye bodi ya chini, unaishia mezani. Sponji ya chini inabaki na kazi moja tu, kujibeba yenyewe. Ni sawa na nyumba ya ghorofa: zege na nondo ndizo zinazobeba, ukuta unajaza nafasi.

Hapa kuna kosa dogo linaloangusha keki nyingi. Vijiti visipolingana urefu, mzigo wote unaangukia vile virefu, bodi inainama, na keki inaanza safari ya polepole kwenda upande mmoja. Kwa hiyo chomeka kijiti kimoja, weka alama usawa wa krimu, kitoe, kisha kata vingine vyote kwa kipimo hicho.

Kumbe tunaijua kanuni hii siku nyingi

Kwenye harusi za Kaskazini, pembeni ya keki ya aisingi mara nyingi utaona keki nyingine: ndafu. Ni mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimamishwa mezani kwa miguu yake, majani mdomoni, na MC anaitambulisha kwa mbwembwe kama keki ya Kichaga. Maharusi wanaikata na kulishana kama wanavyofanya kwa ile nyingine.

Ukiitazama kwa jicho la uhandisi, ndafu ni umbo la pande tatu linaloliwa, lenye kilo nyingi kuliko keki nyingi za harusi, na bado linasimama. Nyama iliyoiva vizuri ni laini, haiwezi kusimama yenyewe. Kinachosimamisha ni mifupa, ikisaidiwa na vyuma au miti ya kuibania. Anayeandaa ndafu hamwamini mbuzi kwa sababu ya nyama yake. Anajua mzigo uko wapi na nani anaubeba. Mchonga keki ya twiga anafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba twiga wake hakuzaliwa na mifupa, inabidi atengenezewe.

Poda ya Birmingham, hewa ya Arusha

Tumeongea kuhusu uzito. Sasa tuje kwenye hewa, na hapa ndipo Arusha inapoingia rasmi.

Kwa karne nyingi keki iliumuka kwa hamira au kwa mayai yaliyopigwa mpaka mkono ukafa ganzi. Mwaka 1843 mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, alitengeneza beking pauda. Mke wake hakupatana na hamira, naye akatafuta njia nyingine ya kuumua mkate. Kanuni yake ni rahisi: magadi na asidi kavu vinakaa pamoja kwa amani, vikipata maji vinatoa gesi ya kabonidayoksaidi. Baada ya hapo keki laini ikawa kitu cha kila jiko, na mapishi yakaanza kuandikwa kwa vijiko na vikombe, yakasambaa duniani kwa vitabu, shule za misheni, masomo ya sayansi kimu, na leo kwa video za simu.

Shida ni kwamba mapishi mengi hayo yaliandikwa na watu waliokaa karibu na usawa wa bahari. London iko chini. Dar es Salaam iko chini. Lagos iko chini. Arusha haiko chini.

Kwenye mita 1,400, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, kiasi kilekile cha gesi kinatanuka zaidi, kama asilimia 18, kwa sababu hewa ya nje inakandamiza kwa nguvu ndogo. La pili, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, kwa hiyo mvuke unatoka mapema na keki inakauka haraka.

Sasa fikiria kinachotokea ndani ya oveni, au ndani ya sufuria yenye mkaa juu na chini. Keki ni mashindano ya mbio kati ya vitu viwili. Upande mmoja kuna mapovu ya gesi yanayokua. Upande wa pili kuna kuta za mapovu hayo, zilizotengenezwa na wanga na protini za mayai na unga, ambazo ni laini mpaka joto lizigandishe. Pwani, mbio zinaisha sare: mapovu yanafika ukubwa wake wakati kuta zinaganda. Arusha, mapovu yanatangulia. Kuta zinanyooka, zinakuwa nyembamba, zinapasuka kabla hazijakaza, na keki iliyokuwa imevimba kwa maringo inashuka katikati. Sukari nyingi inazidisha tatizo, kwa kuwa inachelewesha kuganda kwa wanga na protini.

Keki kama hiyo hata isipobonyea waziwazi, ndani ina matundu makubwa na kuta dhaifu. Ukiichonga inamong'onyoka. Ukiipa ghorofa ya pili inasalimu amri. Kwa hiyo keki inayoanguka ukumbini saa tatu usiku inaweza kuwa ilianguka tangu asubuhi ndani ya oveni, ila hakuna aliyeona.

Mji mwingine wenye mwinuko kama wetu

Tatizo hili lilipewa heshima ya maabara zamani. Katika miaka ya 1920, kwenye chuo cha kilimo cha Colorado huko Fort Collins, Marekani, profesa Inga Allison aliongoza utafiti wa mapishi ya miinuko. Wanawake wa milimani walikuwa wakifuata vitabu vya mapishi neno kwa neno na keki zao zinaharibika. Badala ya kuwaambia hawana mkono, chuo kilijenga chumba maalumu ambamo kanieneo ya hewa ingeweza kubadilishwa, wakaoka keki humo kwa miinuko tofauti, wakaandika majedwali ya marekebisho. Majedwali yanayotumika mpaka leo yametokana na mkondo huo wa kazi.

Fort Collins iko kwenye mita 1,500 na kidogo. Sisi tuko 1,400 hivi. Yaani matokeo yao yanatuhusu karibu moja kwa moja. Kwa mwinuko wetu mapendekezo ni haya: kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda, punguza kati ya sehemu moja ya nane na robo ya kijiko. Kwa kila kikombe cha sukari, punguza mpaka vijiko viwili vya chakula. Kwa kila kikombe cha maziwa au maji, ongeza vijiko viwili hadi vinne vya chakula. Ongeza joto la oveni kidogo, kama nyuzi 8 hadi 14 za Selsiasi, ili kuta zigande mapema. Usibadilishe vyote kwa mpigo. Anza na beking pauda, angalia, kisha endelea.

Unga nao una kwao

Kuta hizo za mapovu zinatoka kwenye unga, na unga wa ngano una historia chungu kwetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO liliendesha mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Yalifika saba. Mitambo ilikuwa ya kisasa na ngano ilivunwa kweli. Lakini nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikawapa ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua.

Kwa nini jambo hili liwe kwenye makala ya keki? Kwa sababu lina sura ileile ya kitabu cha mapishi kilichoandikwa pwani. Utaalamu uliofanya kazi vizuri kwenye nyanda za Kanada uliletwa hapa kana kwamba mahali hapa hapakuwa na watu wala kanuni zake. Keki iliyobonyea ni hasara ndogo sana ukilinganisha na ng'ombe waliokosa malisho, na sitaki kuvifananisha kwa uzito. Ila swali la kujiuliza kwa vyote viwili ni moja: hili lilipimwa wapi, na kwa ajili ya nani?

Mlima uliofanya kosa la keki

Limebaki jambo la tatu, tabaka. Na kwa hilo mwalimu yuko dirishani.

Mlima Meru una mita 4,566, lakini ukiutazama kutoka upande wa Momella utaona haujakamilika. Upande wa mashariki haupo. Kuna shimo lenye umbo la kwato ya farasi, na ukuta wa ndani unaoporomoka kwa karibu mita 1,500. Wanajiolojia wanakadiria kwamba takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu huo ulibomoka na kumwagika mashariki, kuelekea Kilimanjaro. Vilima vidogovidogo vya Momella ni mabaki ya maporomoko hayo, na maziwa yale mazuri yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki kati yake.

Kwa nini mlima ubomoke? Volkano kama Meru ni keki ya tabaka. Lava ngumu, kisha majivu malegevu, kisha lava tena, kila mlipuko unaongeza ghorofa juu ya nyingine kwenye mteremko mkali. Majivu yakilowa, na joto la chini likigeuza mawe kuwa udongo laini, tabaka la juu linakosa kinacholishikilia. Linateleza.

Badilisha majivu kwa krimu na utakuwa umeelewa keki ya ghorofa. Sponji ni imara kiasi, krimu katikati ni laini na inateleza, hasa siagi ikipata joto, maana inalegea kabisa ikifika nyuzi 30 na kitu. Arusha yenyewe ina baridi nzuri ya kusaidia, lakini keki ikiteremshwa Moshi, kwenye mita kama 800, hali inabadilika njiani. Ongeza matuta ya barabarani: gari likisimama ghafla, bodi inasimama pamoja na gari, lakini ghorofa ya juu inataka kuendelea na safari ya Usa River.

Dawa yake ni ileile ambayo mlima haukuwa nayo. Paka krimu nyembamba kati ya tabaka. Poza keki vizuri kabla ya kuchonga, bora ilale usiku mmoja, ili mafuta yagande na wanga ujipange upya na kukaza. Kisha chomeka kijiti kimoja kirefu katikati, kitoboe ghorofa zote na bodi zote mpaka chini, ili tabaka zisiweze kuachana. Safirisha keki ikiwa ya baridi, kwenye sakafu ya gari iliyo tambarare, si kwenye mapaja ya mtu.

Daftari

Ukisoma kazi ya Fort Collins kwa makini, chumba kile cha kanieneo hakikuwa uchawi. Kilichofanya kazi ni kwamba mtu alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akaandika kilichotokea. Waokaji wengi wa hapa tayari wanafanya nusu ya kazi hiyo. Wanajua kupunguza poda "kidogo", wanajua keki ya Njiro haiwi sawa na ya Tanga. Kinachokosekana mara nyingi ni nusu ya pili, maandishi.

Kwa hiyo kama unaoka, chukua daftari la shilingi chache. Andika mahali ulipookea, aina ya unga, vijiko vya poda, muda, na urefu wa keki ilipotoka na ilipopoa. Ukifika keki ya kumi utakuwa na jedwali lako la Arusha. Na siku ya kikao cha harusi, mtu akianza kusema fulani hana mkono, muulize kwanza keki ilikuwa na uzito gani, ilibebwa na nini, na mapishi yake yaliandikiwa mwinuko gani.